Ubavu Wangu, Mali ya Mtaa

Katika mji wa Bukavu mtu haruhusiwi kuugua peke yake. Ukikohoa Nyawera saa mbili asubuhi, ikifika saa nne kuna mtu Kadutu anakuchemshia majani. Sina ugomvi na huruma, niseme mapema kabla sijaitwa mwenye roho mbaya. Ugomvi wangu ni kwamba pole ya hapa kwetu haiji mikono mitupu. Inakuja na chupa isiyo na jina, na kisa cha shemeji wa mtu aliyezikwa kwa ugonjwa huohuo, na amri: vua shati tuone. Mwaka huu nimevua shati mbele ya watu ambao hata majina yao siyajui.

Kilichonipata ni zona, ule ugonjwa ambao jirani zetu wa Tanzania na Kenya wanauita mkanda wa jeshi. Ulianza bila alama yoyote, na hapo ndipo dhuluma ilipoanzia. Unaumwa ubavu wa kulia, kuanzia mgongoni mpaka chini ya chuchu, unaumwa mpaka meno yanagongana, ukifunua nguo ngozi iko safi. Utamwambia nani? Mke wangu alisema nimelala vibaya. Mkubwa wangu wa kazi alisema ameona wengi wanaoumwa ubavu mwisho wa mwezi, wakati wa kufunga hesabu. Nikawa mgonjwa asiye na ushahidi, na mgonjwa wa namna hiyo ni bora anyamaze.

Ushahidi ulikuja wenyewe. Niliamka na mabaka mekundu, na kabla ya jioni yakavimba malengelenge madogo madogo, yamekaa kwa vikundi, ndani yake maji yanang'aa. Yalipanga mstari kutoka uti wa mgongo, yakapita chini ya kwapa, yakaja mbele hadi katikati ya kifua, yakasimama hapo hapo. Upande wa kushoto hakuna hata kipele. Upande wa kulia, shati likigusa tu, ni kama mtu amekuwekea pasi ya makaa na kuisahau akaenda sokoni.

Ilibidi niende kwa dokta, na kwenda kwa dokta ni kupanda teksi. Asiyejua teksi za Bukavu ajue kwamba kiti cha mbele, kando ya dereva, ni cha watu wawili, na nyuma wanakaa wanne wakivuta tumbo ndani. Nilichagua mbele, upande wa mlango, nikajipongeza. Akaja mama mmoja mwenye beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akaketi katikati, na kwa kuwa barabara zetu zinapanda milima zikiwa na mashimo yaliyozeeka, kila shimo kiwiko chake kilikuja kunisalimia ubavuni. Nilipiga kelele. Dereva akauliza kama nataka kushuka. Mama akauliza nina nini. Nikajibu, kwa ujinga wa mtu anayeumwa, kwamba nina malengelenge. Teksi nzima ikanyamaza, kisha abiria wa nyuma wakafungua madirisha yote mawili.

Siwalaumu sana. Hii ni Kivu ya Kusini. Aina ile mpya ya Mpox iliyoushtua ulimwengu ilionekana kwanza kwetu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Kamituga, mwaka 2023, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa dharura ya kimataifa. Tangu hapo mtu wa mkoa huu akiwa na kipele chochote hadharani, hata cha kuumwa na mbu, anatazamwa kwa hesabu. Lakini basi mngenirudishia nauli.

Dokta wa kituo cha afya alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Hakugusa. Alimulika kwa tochi ya simu, maana umeme ulikuwa umekwenda kule unakokwenda kila siku, akasema "zona" kwa furaha ya mwanafunzi aliyekutana na swali alilolisoma jana usiku. Akanieleza kwamba kirusi chake ndicho kilekile cha tetekuwanga. Utotoni unaugua, vipele vinakauka, unarudi shule, kila mtu anasahau. Kirusi hakijaenda popote. Kimejificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, na kinaweza kukaa humo miaka hamsini mpaka kinga ya mwili ilegee, kwa umri, kwa maradhi mengine au kwa mawazo. Kisha kinatoka kwa kufuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi, na ndiyo sababu upele unakaa upande mmoja. Aliyetuonyesha hili alikuwa daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, jina lake Edgar Hope-Simpson. Alifuatilia wagonjwa wake mwenyewe kwa miaka mingi, akaandika hitimisho lake mwaka 1965. Namheshimu, ingawa ningemheshimu zaidi kama angegundua na namna ya kukitoa humo kikiwa bado kimelala.

Tetekuwanga kwetu aliileta dada yangu kutoka shuleni, hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu yeye alipona wiki ile ile na mimi nikakosa Krismasi. Nilimpigia simu Uvira kumlalamikia. Akasema pole, lakini hakuniachia kwa makusudi, na mbona nimekaa na kitu cha watu miaka yote hiyo bila kurudisha.

"Papa, umekuwa na mawazo siku hizi?" dokta akauliza, kalamu tayari.

Nikamuuliza nianzie mwaka gani. Nianzie 1994, wakimbizi walipovuka Ruzizi wakajaa mjini? Nianzie vita ya 1996, au ya 1998? Kuna mapigano ya Juni 2004, tulipolala chini ya vitanda. Kuna Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilipotuangushia kuta watu wakiwa kanisani. Kuna Februari 2025, mji ulipobadilisha watawala na benki zikafunga milango. Yule kijana akaandika neno moja. Nilichungulia: aliandika "ndiyo".

Kisha akaja kwenye jambo lenyewe. Dawa ya zona ipo, inaitwa asiklovia, na ina saa zake: ianzwe ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Dawa hii ilitoka mikononi mwa Gertrude Elion na wenzake huko Marekani, mwanamke ambaye hakuwahi kumaliza masomo ya udaktari wa falsafa na bado mwaka 1988 akapata Nobel ya tiba pamoja na wanaume wawili. Ina ujanja wa ajabu. Inazunguka mwilini bila kazi mpaka iingie kwenye seli yenye kirusi. Hapo kimeng'enya cha kirusi chenyewe kinaiamsha, na ikishaamka inakizuia kuzaliana. Haifuti kirusi, inakifunga uzazi. Ukichelewa kwa siku tano kimeshazaa watoto na wajukuu, utamfunga nani uzazi?

Basi saa 72. Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana mji huu una farmasi nyingi kuliko baa, na ninajua ninachosema kuhusu baa.

Farmasi ya kwanza walinipa tyubu ya pomada. Asiklovia ni asiklovia, alisema kijana, hii unapaka. Hapana. Pomada ile ni ya vidonda vya mdomoni. Zona haijali pomada, maana kazi yote inafanyika ndani kwenye mshipa. Dokta alikuwa amenionya, nikairudisha. Farmasi ya pili walikuwa na kapsuli za nyekundu na njano ambazo, kwa maneno ya muuzaji, "zinatibu yote". Dawa za bakteria kwa ugonjwa wa kirusi! Farmasi ya tatu walikuwa na vidonge vyenyewe, ila vya miligramu 200. Fanyeni hesabu pamoja nami. Mtu mzima anahitaji miligramu 800, mara tano kwa siku, kwa siku saba. Kila dozi ni vidonge vinne. Kwa siku ni ishirini. Kwa wiki ni 140.

"Vidonge ishirini kwa siku?" mama wa farmasi akashusha miwani. "Papa, uko na matatizo gani nyumbani?"

Nilimwonyesha karatasi ya dokta. Akaisoma akitingisha kichwa, akaniuzia vidonge kumi, nirudi kesho nikiwa hai. Nilipomwelewesha akakubali kuuza vyote, ndipo tukafika kwenye noti. Dola yangu ilikuwa na mpasuko kwenye ncha, mdogo, wa kutafutwa kwa darubini. Wageni huwa hawaamini ninapowaambia kwamba Kongo nzima inaendeshwa kwa dola na hakuna mtu Kongo nzima anayekubali dola iliyochanika. Saa zangu 72 zinayoyoma, kirusi kinaoa na kuoza, na watu watatu wanainua noti yangu juani mmoja baada ya mwingine, wanatikisa vichwa kana kwamba wanatambua maiti. Iliyoniokoa ni simu. Mke wangu alituma pesa kwa simu, akalipia na ada ya kutoa, na ada hiyo bado nakumbushwa.

Kwa hiyo dawa nilianza kwa wakati. Naandika hivi kwa sababu ya yale yaliyofuata, ili ijulikane nani alitibu nini.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Jirani wa upande wa juu alikuja kwanza, na kwenye mlima kama wetu jirani wa juu ana haki ya kukutazama chini maisha yake yote. Akavuta kiti, akanivua shati kwa macho.

"Papa, ile haiko zona. Ile njo karuho. Ulikula kwa nani?"

Karuho, kwa msomaji wa mbali, ni sumu ambayo Bushi nzima, nchi yetu Washi, inaihofu: mtu anakuwekea kwenye chakula au pombe, unakauka polepole. Dawa yake ni kutapishwa na mganga. Nikamwambia sijala kwa mtu. Akanikumbusha kwamba nilikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye mahari ya binti wa fulani. Nikasema tulikuwa watu sitini tuliokunywa kutoka pipa moja. Akajibu kwamba ndivyo wanavyofanya, ili usishuku.

Jioni akaja mjumbe wa afya wa mtaa, wale tunaowaita reko, pamoja na shefu wa avenii aliyesimama mlangoni na leso puani. Huyu reko namsifu. Alifanya kazi yake. Alikuwa na bango lenye picha za Mpox, akalishika kando ya kifua changu na kulinganisha picha moja moja. Usoni hakuna. Viganjani hakuna. Nyayo safi. Sehemu nyingine tulizikagua chumbani, akiwapo mke wangu kama shahidi. Upele uko upande mmoja, kwenye mstari mmoja. Akakunja bango na kutamka kwamba si Mpox. Shefu wa avenii hakutoa leso puani. Alisema watu wa serikali hawawezi kuwa na haraka.

Ikabaki fununu ya tatu, ile ambayo hakuna aliyeisema mbele yangu. Wakubwa kidogo wanajua ilikotoka. Katika miaka ya 1980 Kinshasa, madaktari wa mradi wa utafiti ulioitwa Projet SIDA, kwenye hospitali iliyokuwa ikiitwa Mama Yemo, waliona kwamba wagonjwa wao wengi mno wa zona walikuwa na virusi vya ukimwi. Wakaliandika mwaka 1988, na tangu hapo zona kwa kijana ikawa sababu nzuri ya kupima. Ni ushauri mzuri hata leo, na dokta wangu alinipa ushauri huo huo, nikapima. Lakini zona inampata pia mzee asiye na lolote zaidi ya uzee, na hiyo sehemu ya pili haikuwahi kupanda milima ya Bukavu. Wanawake wa bombani waliacha kuongea mke wangu alipofika na jerikani. Akaweka jerikani chini, akawasomea majibu ya kipimo changu kwa sauti, na tarehe, na namba ya karatasi. Nilitaka majibu yawe siri yangu. Sasa hata mtoto wa darasa la kwanza anayajua.

Mtu wa kuogopwa kwa haki alikuwa mmoja, na huyo ndiye aliyekuja kunikumbatia: shemeji yangu wa Bagira, mjamzito wa miezi mitano. Zona yenyewe haiambukizi zona. Maji ya malengelenge ndiyo yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua, na kwa mjamzito hiyo si kitu cha mchezo. Namkataza asinikaribie, ananuna kwamba nimeanza kujisikia. Shefu wa avenii, aliyeugua tetekuwanga utotoni darasa moja nami, anazungumza nami kutoka kwenye lango.

Na fundi cherehani. Ee Mungu, fundi cherehani.

Huyu anaishi nyumba mbili chini yetu na ana imani ambayo nimekuja kugundua kwamba inashikwa Afrika nzima na Ulaya yote: mkanda ukizunguka mwili ncha mbili zikakutana, mgonjwa amekwisha. Wengine wangeishia kwenye imani. Yeye ana futi kamba. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda alipita, akanifunua, akapima kutoka ncha ya mbele hadi ncha ya mgongo kwa njia ya upande mzima, akaandika kwenye kijitabu kilekile anachoandikia viuno vya wateja. Nilimwelimisha. Kirusi kinafuata mshipa wa kulia, mshipa wa kulia unaishia katikati ya mwili, hauvuki kwenda kushoto. Akanisikiliza kwa upole wote wa mtu anayemsikiliza marehemu. Siku moja futi yake ilisoma pungufu ya jana, kwa kuwa nilikuwa nimeshusha pumzi, na kabla ya saa sita mtaa wote ulijua nimebakiwa na kiasi gani. Watu wawili walikuja kudai madeni.

Dawa za nyumbani zililetwa zote. Nizipitie haraka, maana nyingine hazistahili wino. Dawa ya meno. Maji ya betri, ambayo nilitishia kumwagia aliyeyaleta. Jiwe jeusi, ule mfupa uliochomwa ambao kila nyumba inao kwa ajili ya nyoka. Mtu akasisitiza nilibandike kwenye malengelenge linyonye, na kulibandika lazima kwanza uchanje. Asali sikuikataa, niliinywa na chai. Kanyanga, pombe yetu kali, ya kupaka. Aliyeileta aliipunguza njiani kwa kujipaka ndani. Aloe vera ilitoka uani kwa jirani wa kushoto, na kusema kweli ute wake baridi ulinipa nafuu ya dakika kumi juu ya ngozi nzima, karibu na vipele, si juu yake.

Kwa sababu dokta hakukataza yote. Alikataza majivu, mafuta, vumbi la mkaa na kitu chochote kitakachoingiza uchafu kwenye vidonda, na kupasua malengelenge alikataza mara mbili. Lakini kitambaa safi kilicholowa maji baridi alikiagiza mwenyewe. Mke wangu alichana kitenge kikuukuu kilicholainika kwa miaka ya kufuliwa, akawa anachemsha maji, anayaacha yapoe kwenye baridi ya usiku, na baridi ya usiku wa Bukavu, mita 1,500 juu ya bahari, ndiyo kitu pekee tunachopata bure na kwa wakati. Anakamua, anaweka, nanyamaza kwa robo saa. Maji ya kunywa nayo niliamriwa mengi, ili vidonge vile visiyaumize mafigo. Nyumba isiyoona maji bombani kwa siku tatu ikawa inanihesabia glasi. Nilikuwa nameza saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku, na kila mara mtoto wangu mdogo alisimama mlangoni kutazama vidonge vinne vikishuka, akaita na wenzake.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Walungu.

Wasomaji wa kwetu wameshashika kichwa. Mkwe wa Kishi na mkwewe hawachezi. Mimi siketi kwenye kiti alichokalia, naye hawezi kuniona nikila kwa pupa, sembuse nikiwa bila shati. Na amekuja, kwa pikipiki, mvua ikinyesha, na mfuko wa majani ya mubirizi, chupa ya mawese, majivu aliyoyachagua mwenyewe, ili anitibu ubavu ambao kwa heshima hawezi kuutazama. Likatundikwa pazia la shuka sebuleni. Mimi na mke wangu upande huu, yeye upande wa pili juu ya kigoda, akitoa maagizo.

"Umetwanga?"

"Ndiyo, mama."

"Weka mawese. Siyo sana. Sasa majivu. Muulize mukwe wangu kama anasikia moto."

"Anasema anasikia moto, mama."

Nilisikia moto kabla hajaanza. Nilimtazama mke wangu na ule uji mweusi wa kijani mkononi, nikaonyesha kwa macho: dokta amekataza. Akanionyesha kwa macho: huyu ni mama yangu, amekuja kwa mvua. Tukabaki hivyo. Halafu mke wangu, ambaye sijawahi kumpenda zaidi ya saa ile, akanigeuza taratibu na kuupaka wote, kwa uangalifu, kwenye ubavu wa kushoto.

"Umepaka yote?"

"Yote, mama."

"Kesho asubuhi utaona."

Asubuhi tuliona. Ubavu wa kushoto ulikuwa mzima kabisa, na mke wangu akamtangazia mama yake ukweli huo neno kwa neno. Ikawa hivyo kila siku aliyokaa kwetu. Upande wa kulia malengelenge yalikauka yakawa magamba, vidonge vikaisha, fundi akafunga ukurasa wangu kwenye kijitabu kwa masikitiko, na sifa zote zikapanda pikipiki kurudi Walungu.

Maumivu hayakukauka pamoja na ngozi. Hili hutokea, hasa kwa waliovuka hamsini. Mshipa umeungua na unaendelea kulalamika baada ya moto kuzimwa. Dokta akaniandikia amitriptilini kidogo, ya kumeza usiku, dawa ya zamani ya kutibu huzuni ambayo kwa dozi ndogo inatuliza mishipa. Mama wa farmasi, yule wa miwani, akaisoma karatasi na kuuliza mbele ya foleni nzima tangu lini kichwa kimeanza kunisumbua. Jioni hiyo jirani wa juu alizungumza nami polepole, kwa maneno mafupi. Kaka yangu wa Brussels naye akapiga simu kunieleza kwamba siku hizi kuna chanjo ya zona, Shingrix, sindano mbili kwa waliofika hamsini, na kwamba yeye ameshachomwa zote na mkono ulimuuma siku nzima. Mkono! Nilimwachia mke wangu simu.

Juzi mama mkwe amerudi. Safari hii kaja na mtu, mzee wa makamo kutoka kijijini kwao, anatembea ameinama upande, shati halijafungwa vifungo. Pazia likatundikwa, mama akaketi nyuma yake, mgeni akafunua. Zona, kushoto, malengelenge ya jana.

"Mukwe wangu," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "mwambie namna ile dawa ilikuponya."

Mke wangu akaanza kuchunguza dari. Mgeni akanitazama kwa macho ya mtu ambaye hajalala. Mbele ya mama mkwe wangu mimi sina mdomo wa kubishana. Nje giza halijaingia, na kituo cha afya kinafunga saa kumi na moja.

"Ni dawa kubwa sana," nikasema. "Lakini ina masharti. Mubirizi unapakwa ubavu usio na ugonjwa. Huu wenye ugonjwa hauguswi na kitu, unawekewa kitambaa cha maji tu. Na kabla ya kupaka, leo hii, unapita kwa dokta, anakuandikia vidonge. Ishirini."

"Ishirini?"

"Kwa siku."

Mgeni akaligeukia pazia. Kimya kikakaa kidogo nyuma ya lile shuka, kigoda kikalia.

"Ishirini, ndiyo," mama mkwe akasema. "Njo vile wazee wetu walikuwa wanafanya."